Durban: Ubao wa Magazini au Ubao wa Fundi?



Wengi wetu wa Katanga tunaijua bahari kwa picha tu. Nchi yetu inagusa bahari kule Muanda, lakini ni kipande kifupi kisichofika kilomita 50, na kwenda kule kutoka Lubumbashi ni kuvuka nchi nzima. Kwa hiyo mtu wa hapa akitaka kuona maji makubwa, mara nyingi anafuata njia ya wafanyabiashara: Kasumbalesa, Zambia, Zimbabwe, Johannesburg. Kutoka Johannesburg zinabaki kilomita karibu 570 mpaka Durban. Basi linapita kwenye nyanda za majani makavu, linateremka milima ya Drakensberg pale Van Reenen, na hewa inaanza kuwa ya joto na unyevu. Kisha unaona miwa, unaona magorofa, na nyuma ya magorofa unaona mstari mrefu wa buluu.

Durban si mji mgeni kwetu kama unavyofikiri. Katika mtaa wa Albert Park na upande wa Point unasikia Kiswahili cha Bukavu, cha Uvira na cha kwetu, pamoja na Kirundi. Wamama wetu wanasuka nywele na kushona nguo. Vijana na wababa wengine wanasimama pwani kutwa nzima wakilinda motokari za watu, wakingoja sarafu. Dada yangu ni mmoja wa wale wasusi. Nilimtembelea mwezi wa Desemba, wakati shule za kule zimefungwa na watoto wako nyumbani.

Pwani ya Durban ina njia pana ya miguu inayofuata maji tangu Point mpaka mlangoni mwa mto uMngeni. Asubuhi mapema, kabla jua halijawa kali, njia hiyo imejaa: wazee wanatembea, wasichana wanakimbia, wanaume wa Kizulu wanapanga rikisha zao zenye mapambo ya shanga. Kutoka ufukweni, gati ndefu za saruji zinaingia baharini, na pembeni ya gati hizo ndipo mawimbi yanapopanda vizuri. Hapo utaona vichwa vyeusi juu ya maji, ishirini, thelathini, wanangoja. Wimbi likija, mmoja analala juu ya ubao, anapiga maji kwa mikono, anasimama, na kuteleza mbele ya wimbi mpaka linakufa mchangani.

Maji ya Durban ni ya uvuguvugu karibu mwaka mzima. Tangu mwaka 1952 kuna nyavu za kuwazuia papa, na kila siku kuna walinzi wa pwani wanaosimika bendera kuonyesha mahali pa kuogelea. Siku za Noeli na Mwaka Mpya, umati unapozidi, watoto wanavalishwa vitambulisho mkononi ili wakipotea warudishwe kwa wazazi. Mama wa Kongo akiona hayo anapumua kidogo.

Lakini pwani hii haikuwa ya kila mtu. Chini ya sheria ya ubaguzi ya mwaka 1953, fukwe ziligawanywa kwa rangi ya ngozi, na zile zenye mawimbi mazuri katikati ya mji zilikuwa za wazungu. Mwaka 1972 Eddie Aikau, mwanamichezo hodari wa Hawaii, alikuja Durban kushindana, na hoteli ilimkataa kwa sababu ya rangi yake. Familia ya Tomson, wazungu wa Durban, ndiyo iliyompokea nyumbani kwao. Fikirini jambo hilo. Mchezo wenyewe ulizaliwa kwa watu wa visiwa vya Polinesia, na Hawaii ulichezwa na wanaume na wanawake, hata na wakuu wa kike. Kisha mtoto wa Hawaii anakataliwa mlango kwa rangi ya wenye mchezo. Ni mwezi wa Novemba 1989 tu ndipo rais F. W. de Klerk alipotangaza kwamba fukwe za nchi zifunguliwe kwa wote. Mama Mzulu mwenye umri wangu anakumbuka vizuri ubao uliomkataza kuingia maji ambayo leo mjukuu wake anachezea.

Basi, binti wa dada yangu ana miaka 13, na ugonjwa wake ni bahari. Kila siku ya posho anakwenda na wanafunzi wenzake kwenye mafunzo ya pwani. Anajua kuogelea vizuri. Hilo mama yake alilisimamia mwaka mzima kabla ya kumruhusu kugusa ubao. Sasa alikuwa amechoka kuazima. Alitaka ubao wake mwenyewe, na si ubao wowote: alitaka wa fundi, uliochongwa kwa kipimo chake, mweupe, mwembamba, wenye pua iliyochongoka, kama wa vijana wakubwa pale kwenye gati.

Dada yangu alikuwa na feza mkononi. Zamu yake ya likelemba ilikuwa imefika. Kule Waafrika Kusini wanaita stokvel, na wamama wetu wanacheza zote mbili. Lakini feza ile ilikuwa na mdomo mwingine unaoingoja. Shule za Afrika Kusini zinaanza mwaka mwezi wa Januari: kuna ada, vitabu, viatu na sare za watoto watatu. Baba wa watoto hayupo tena. Kwa hiyo swali la ubao halikuwa mchezo. Lilikuwa swali la jinsi mama anavyogawa mkate mmoja.

Tulianza kwenye magazini kubwa, kwa sababu ndiko bei ilikoandikwa mlangoni. Pale mbao zilikuwa zimesimama kama mifagio. Zilikuwa za aina mbili.

Ya kwanza ni ile fupi ya kulalia kifua, ambayo mtoto hasimami juu yake. Ubao wa namna hiyo ulibuniwa na Mmarekani Tom Morey mwaka 1971 akiwa Hawaii, na wazo lake lilikuwa zuri: kitu chepesi, laini, kisichomuumiza mtu, ambacho kila mmoja anaweza kukimudu. Lakini ile ya bei ya chini kabisa, ya randi mia chache tu, ndani yake mna foamu nyeupe, ileile inayofungiwa televisheni mpya ndani ya katoni, na juu yake kitambaa chembamba tu. Jirani wa dada yangu, mama wa Uvira, alimnunulia mwanawe mmoja. Juma la pili ulikatika katikati. Akanunua mwingine, nao ukakatika. Foamu ile ikikatika inamwagika vipunje vyeupe, upepo unavipeleka mchangani na majini, na hakuna mtu anayeweza kuviokota vyote.

Ya pili ni ubao mrefu laini wa kusimamia, wenye urefu wa futi 7 au 8, yaani mita mbili na zaidi. Ndani una foamu na vipande vya mti vya kuushikilia usipinde, juu umefunikwa kwa ngozi laini, chini una plastiki ngumu. Unatengenezwa kwa maelfu viwandani, mwingi huko Asia, na ubao wa Durban ni sawasawa na ule unaouzwa Ufaransa au Australia. Mpwa wangu aliutazama kama vile umemtukana. Alisema: "Mama mdogo, huu ni wa watoto."

Tukaenda kwa fundi.

Karakana yake iko nyuma ya barabara, mbali na bahari, na ukipita nje huwezi kujua kilichomo. Wamama, nilipoingia mle nilidhani nimeingia kwa mshonaji wangu wa pale Kenya, sokoni kwetu Lubumbashi. Ukutani kulikuwa na vipande vyembamba vya mbao vilivyokatwa kwa maumbo mbalimbali, kila kimoja na maandishi ya kalamu, kama patroni za nguo. Chumba cha kuchongea kilikuwa na kuta za giza na taa ndefu mbili zilizowekwa pembeni, chini, usawa wa kiuno. Fundi alituonyesha sababu yake: taa ikitoka pembeni, kila kibonde na kila nundu kwenye ubao hutoa kivuli, na jicho linaona kosa ambalo mkono haujalihisi.

Kazi yenyewe ni hii. Fundi anaanza na bonge la foamu ngumu iliyokwisha kupewa umbo la karibu na ubao, foamu ya jamii ya ile iliyomo ndani ya kuta za friji. Katikati yake mna ubao mwembamba wa mti, kama uti wa mgongo. Anachora umbo kwa patroni, anakata kwa msumeno, anapunguza kwa randa ya umeme, kisha kwa msasa, mpaka unene na mpindo vinakuwa vile alivyotaka. Siku hizi mafundi wengi wanaiachia mashine inayoongozwa na kompyuta ukataji wa kwanza, halafu wanamaliza kwa mkono. Baada ya hapo ubao unavikwa kitambaa cha nyuzi za kioo, unamwagiwa gundi ya rezini, unaachwa ukauke, unapigwa msasa tena, unawekewa mapezi. Yule anayechonga mara nyingi si yule anayevika kitambaa, wala si yule anayepiga msasa wa mwisho. Ubao mmoja unapita mikono mitatu au minne, na kila mkono una nyumba ya kulisha hapohapo Durban. Vumbi lake ni baya na harufu ya rezini ni kali. Wote wanafunga pua na mdomo.

Mji huu una jina kubwa katika kazi hiyo. Shaun Tomson, mtoto wa familia ileile iliyompokea Eddie Aikau, alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1977, na mbao zake zilichongwa na fundi wa Durban anayeitwa Spider Murphy. Bingwa na fundi waliishi kando ya mawimbi yaleyale. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya fundi: anayajua maji ya kwenu. Mawimbi ya pembeni ya gati za Durban yanasimama haraka na kuvunjika haraka juu ya mchanga, na mchanga wenyewe unahamahama. Fundi anayeamka kila asubuhi kuyatazama anajua mkia gani unageuka vizuri humo. Kiwanda cha mbali kinatengeneza ubao wa kumfaa kila mtu kidogo.

Fundi alimkalisha mpwa wangu kwenye kigoda, akachukua kalamu, akaanza kumuuliza. Una kilo ngapi? Una urefu gani? Ulianza lini? Unatanguliza mguu gani? Yote hayo aliyajibu haraka. Kisha akaulizwa: kati ya mawimbi kumi unayoyafuata, unasimama kwenye mangapi? Alisema matatu, au manne. Na ukisimama, unakwenda moja kwa moja mpaka mchangani, au unageuka kufuata ukuta wa wimbi? Moja kwa moja. Unapenda ubao unaogeuka haraka au unaotulia? Hapo alinyamaza. Alimtazama mama yake, kisha akatazama chini.

Fundi akaweka kalamu. Alisema kwa Kiingereza, na dada yangu akanitafsiria: "Kipimo cha mwili wake ninaweza kukichukua leo. Kipimo cha mwendo wake bado hana."

Akaeleza zaidi. Ubao una uwezo wa kubeba, unaohesabiwa kwa lita, kama jerikani. Ukiwa mpana, mrefu na mnene, unaelea vizuri, unalikamata wimbi mapema, na unamsamehe anayeyumba. Ukiwa mfupi na mwembamba, unageuka kama samaki, lakini unamtaka mwenyewe awe amekwisha kujua kusimama bila kufikiri. Mtoto wa kuanza akipewa ule mwembamba hakamati mawimbi. Anachoka, anaaibika mbele ya wenzake, na baada ya miezi mitatu ubao unabaki nyuma ya mlango. Tena ubao mgumu una pua kali na mapezi makali. Anayeanza anaanguka mara nyingi, na ubao unamrudia kichwani. Ule laini ukimgonga, anasugua tu na kuendelea.

Na la mwisho, ambalo sisi wamama tunalijua kuliko yeye: mtoto anakua. Ukimshonea msichana wa miaka 13 kikwembe cha kumbana leo, Pasaka hakimwingii. Ndiyo maana sare ya shule tunaishona na pindo kubwa, na kila mwaka tunalishusha kidogo. Ubao hauna pindo. Fundi anaweza kuongeza lita mbili tatu kwa ajili ya kesho, lakini hawezi kukisia kilo kumi na mkono wa mtu mzima.

Tulitoka pale bila ubao, na feza zote zikiwa ndani ya mkoba. Mpwa wangu hakusema neno mpaka nyumbani. Alitununia siku mbili.

Nikiwa bado kule niliuliza wengi, maana kuuliza si ujinga: mwalimu wake wa pwani, kijana anayetengeneza mbao zilizopasuka, mama mmoja Mzulu ambaye wanawe wawili wanashindana. Wote walinipa jibu moja kwa maneno tofauti, na ndilo nililowaletea.

Ubao wa kiwandani una kazi yake, nayo ni kufungua mlango. Kama mbao zingekuwa za fundi tu, mtoto wa mama msusi asingegusa mawimbi kamwe, maana ubao mpya wa fundi unapita kwa urahisi randi 6,000. Pale Durban kuna shirika linaloitwa Surfers Not Street Children, linalowatoa watoto mitaani kwa njia ya mchezo huu. Mtoto aliyelala chini ya daraja hahitaji kwanza ubao wa kipimo chake. Anahitaji ubao uliopo, mtu wa kumwangalia, na kesho tena.

Ubao wa fundi nao una kazi yake, na kazi hiyo inakuja baadaye, mtu akishajua anachokosa. Wakati mtoto anaweza kusema, "Huu wangu unachelewa kugeuka," au "Mkia unazama nikipunguza mwendo," hapo ana neno la kumpa fundi, na feza yake inanunua jibu. Pia ubao wa fundi ukivunjika, unamrudia aliyeuzaa. Anajua ndani yake mna nini, anautengeneza, na kama haukukufaa anakumbuka, wa pili anaurekebisha. Ubao wa magazini ukivunjika, anayekuuzia mwingine hajui hata ulitengenezwa wapi.

Lakini tusimfanye fundi kuwa malaika. Yeye naye anategemea viwanda. Kwa miaka mingi karibu mafundi wote wa Marekani, na wengi wa nje, walinunua bonge za foamu kwa kampuni moja ya California, Clark Foam. Tarehe 5 Desemba 2005 mwenye kampuni aliifunga kwa siku moja bila kutoa taarifa mapema. Mafundi waliamka hawana kitu cha kuchonga, bei ikapanda, na wanunuzi wengine wakageukia mbao za kiwandani kutoka Asia. Hata mkono wenye akili unangoja mfuko wa mtu mwingine. Wamama mnaoshona mnajua hilo siku vikwembe vinapokosa kuvuka mpaka.

Na kuna njia ya tatu ambayo magazini haikutangazii: ubao uliokwisha kutumika. Pwani kama ya Durban ina watu wengi wanaoanza kwa moto na kuacha, na mbao zao zinauzwa kwa nusu ya bei au chini yake. Yule kijana mtengenezaji alinifundisha namna ya kuukagua, nami nawaandikia wale walio na ndugu kule:

Uinue. Ukiwa mzito kuliko unavyoonekana, umekunywa maji.

Ubonyeze kwa kidole gumba kutoka pua mpaka mkia. Panapobonyea kama embe lililoiva, ngozi imeachana na foamu.

Tafuta mstari unaokata ubao kwa upana. Huo ni mpasuko wa ndani, na siku ya wimbi kubwa ubao utavunjikia hapo.

Tazama rangi. Madoa ya kahawia pembeni ya ufa yanaonyesha maji yaliingia na kukaa.

Tikisa mapezi. Yakicheza, uliza bei ya kuyafunga kabla ya kulipa.

Vuta kamba ya mguu, ile inayomfunga mtoto na ubao wake. Ikiwa imekatika nyuzi, nunua mpya. Hapo usibane feza.

Siku tatu kabla sijarudi, mwalimu wa pwani alimwambia dada yangu juu ya familia inayohama. Walikuwa na ubao laini wa futi 8, wa kiwanda kizuri, umechubuka pua lakini mzima. Tuliubonyeza wote wanne, kama watu wanaochagua nyanya. Bei yake haikufika robo ya ile ya fundi. Iliyobaki ya likelemba ililipa ada ya Januari na viatu jozi tatu. Mpwa wangu aliubeba kichwani kutoka pwani mpaka nyumbani, bado amenuna kidogo, lakini hakutaka mtu mwingine aubebe.

Kabla ya kuwaacha, neno moja kwa mzazi mwenye mtoto pwani, maana ubao si hatari pekee. Mwezi wa Aprili 2022 mafuriko makubwa yaliua watu zaidi ya 400 katika jimbo la KwaZulu-Natal na kuharibu mabomba ya maji machafu. Uchafu ulimwagika mitoni na baharini, na fukwe zilifungwa mara kwa mara kwa sababu ya vijidudu. Kwa hiyo mvua kubwa ikinyesha, usimruhusu mtoto aingie maji mpaka manispaa itangaze kwamba pwani iko salama. Kuhara kwa mtoto kunakula feza kuliko ubao wowote.

Dada alinipigia simu mwezi wa Julai. Huo ndio msimu wa mawimbi mazuri kule, upepo wa asubuhi unapotoka bara na kuyanyoosha. Msichana ameongezeka sentimita nne. Sasa anageuka kufuata ukuta wa wimbi, kushoto zaidi kuliko kulia, na ameanza kulalamika kwamba ubao wake ni mzito kwenye kona. Mama yake alicheka akiniambia hayo, kwa sababu anajua maneno hayo yanaelekea karakana gani. Ameweka kikopo juu ya kabati, na msichana anatia humo sarafu anazopata kwa kuwasuka wenzake siku ya posho jioni.

Ule ubao laini haupumziki. Wasichana wengine wawili wa jengo lile, mmoja wa Bukavu na mmoja Mrundi, wameomba kuutumia. Wamejiandikia zamu kwenye karatasi ukutani, siku kwa siku, kama likelemba. Anayevunja pezi analipa pezi.